Usimwambie mteja arudishe TV!

Mkuu, simama hapo hapo. Unasema mteja wako wa Mwanza kapokea TV ya inchi 55 uliyomtumia kwa basi, kioo kimepasuka, na unataka kumjibu "irudishe Dar kwanza tuikague." Futa. Ujumbe huo una ada yake na mimi nimeshailipa.

Najua ulikoutoa: kwa hawa walimu wa "biashara mtandaoni" wanaouza kozi na hawajawahi kufunga hata katoni ya sabuni. Kwao mteja ni mwizi mpaka mzigo urudi. Haya, urudi. Utarudije? Boksi limechanwa, yale maboya meupe ya pembeni yamekatika, na safari ni zaidi ya kilomita 1,000. TV si dagaa, mkuu. Ikifika ina nyufa tano badala ya mbili. Upi ni wa kwenda na upi wa kurudi? Ofisi ya basi itakwambia zote ni za kurudi, na huna cha kuwabishia. Umezika ushahidi wako na nauli ya jeneza umelipa wewe.

Halafu unakagua nini? Kwenye TV ya saizi hiyo kioo ndicho karibu bei nzima, kukibadilisha hakulipi. Kilichobaki ni power supply, bodi kuu, taa za nyuma, spika na miguu. Vitu hivyo fundi wa Mwanza ananunua kama spea hukohuko.

Shika hili moja: BOKSI HALITUPWI NA TV HAISOGEI MPAKA PICHA ZIFIKE. Pande zote sita za boksi, kila kona kwa karibu, risiti ya mzigo iliyobandikwa juu, stika ya serial namba (namba ya TV hiyo peke yake) mgongoni mwa TV, kioo kikiwa kimezimwa kinamulikwa tochi ya simu kwa ubavuni, kisha video ya sekunde kumi ikiwa imewashwa. Picha ya kioo peke yake haisemi kitu, boksi ndilo shahidi. Kona imebonyea, liliangushwa. Tundu katikati, limechomwa na mzigo wa jirani. Boksi safi kabisa ila kioo kina nyufa kama utando wa buibui, mara nyingi ililazwa kwenye buti ikapandishiwa mizigo: ndani ni vioo viwili, kila kimoja hakifiki milimita 1, vikilazwa vinapinda katikati na matuta yanamalizia.

Unaogopa kubadilishiwa TV? Ndiyo kazi ya ile stika. Linganisha na namba uliyoandika siku ya kutuma. Hukuandika? Basi hata ikirudi hutajua ni ya nani, utaikagua kwa imani.

Picha zikiingia, mteja achague TV nyingine au pesa yake, na umpe tarehe. "Tunashughulikia" siyo tarehe. Ada ya kutuma pesa juu yako. Usimtume akagombane na basi, maana jina la mtumaji kwenye risiti ni lako, yeye watamfukuza tu. Barua ya madai peleka leo pamoja na picha na nakala ya risiti, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Watakuonyesha yale maandishi ya "vitu vya kuvunjika tusilaumiwe." Wewe waachie barua hivyohivyo. Wakilipa heri, wasipolipa mteja wako keshapata TV yake, ugomvi umebaki baina yenu wawili.

Uliuliza pia kufunga na, kama sikosei, bima? Kufunga: isafiri wima, na uisimamie mwenyewe ikipakiwa. Bima wadau watakujazia.

Ila mpigie huyo mteja sasa hivi, kabla watoto hawajaligeuza lile boksi nyumba.