Kwa nini nyuki vibarua hawazai wao wenyewe?
Ndugu, umeuliza kibarua anapata nini kumlelea malkia watoto badala ya kuzaa wake. Hesabu ya mwanabiolojia Hamilton ya 1964 iko hivi: nyuki dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, ana seti moja tu ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni), hivyo mbegu zake zote ni nakala ileile. Dada wa baba mmoja hushiriki jeni kwa wastani wa asilimia 75. Mama na bintiye ni 50. Yaani kibarua yuko karibu zaidi na dada yake kuliko na binti yake mwenyewe, hivyo kulea dada kunamlipa zaidi. Hesabu tamu, ila isikulevye. Malkia wa nyuki wa asali hupandwa na madume kumi na zaidi, kwa hiyo dada wengi ni wa mama mmoja lakini baba tofauti, na ile 75 haiwahusu. Mchwa je? Dume wao ana jozi kamili ya kromosomu, hivyo hesabu hiyo haiwahusu, na bado wana malkia na vibarua. Tena kibarua wa nyuki akitaga kwa siri, wenzake hulila yai lile.