Mikate bapa na kisa kilichosahaulika

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha PP2, mwaka wa pili wa shule ya awali, huku Likoni, watoto 28. Juzi saa mbili asubuhi niliwasimulia kisa cha Abunuwasi na harufu ya chakula, kisha saa nne tukafinyanga mikate midogo. Unga nilikuwa nimeukanda nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mikate ilitoka bapa kama chapati, na kesho yake hakuna aliyekikumbuka kisa. Nilikosea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Umekosea saa, mara mbili.

Tuanze na unga. Kutoka saa kumi na moja hadi saa nne ni saa tano, na kwa joto letu saa moja hivi yatosha. Donge lilifura, likachoka, likaporomoka, halafu mikono 56 ikalitoa pumzi iliyobaki. Kanda hapo hapo shuleni, ifikapo saa moja unusu asubuhi: vikombe 4 vya unga wa ngano, hamira vijiko 2 vya chai, sukari vijiko 3 vikubwa, chumvi nusu kijiko cha chai, na tui vuguvugu kikombe kimoja na robo, au zaidi kidogo unga ukitaka. Tui likikuchoma kidole litaua hamira. Iliki usiifanyie ubahili, utaona sababu. Likifura, kata vidonge 28, kila kimoja kadiri ya ndimu. Mtoto afinyange chake mara moja akiweke siniani. Anayetaka kuendelea kuponda mpe donge la kuchezea lisilo na hamira. Funika dakika 20 hadi 30 wakacheze nje.

Kisa sasa, na hapa ndipo penye kazi. Masikini anakula mkate mkavu karibu na jiko la tajiri, akiuteremsha kwa harufu ya mchuzi. Tajiri anamdai bei ya harufu. Abunuwasi anachukua sarafu, anazichezesha zilie, anamwambia tajiri: umesikia? Basi umelipwa. Kisa kizima kimekaa puani na masikioni, nawe ulikisimulia wakati darasa halinuki kitu! Mtoto wa miaka mitano hawezi kubishana juu ya harufu asiyoinusa.

Kwa hiyo simulia mikate ikiwa motoni. Bandika sufuria, palia makaa juu ya kifuniko, ingia darasani uanze. Jiko likae nje, upande unakotoka upepo, iwe kusi au kaskazi, na makaa yawe yamekolea ili iingie iliki bila moshi. Mtu mzima asiondoke hapo. Ndani ya dakika kumi hivi harufu itafika. Ikifika, wewe uwe umefika kwa tajiri anayedai. Nyamaza. Waache wanuse, kisha uliza: nani kati yenu amekula? Nani atalipa? Watagombana, na ugomvi huo ndio somo la lugha. Usiwape hukumu mapema. Mkebe wa sarafu utikise mwisho kabisa, ukiwa umefungwa kwa gundi, maana sarafu na midomo ya watoto havikai pamoja.

Kesho yake weka mezani mkate mkavu, sufuria tupu na mkebe, mtoto avipange na kusimulia mwenyewe. Akianza na mkebe, mwache. Muulize tu zile sarafu zililia kwa nini, atarudi nyuma mwenyewe.

(Wazazi wengine watakuuliza Abunuwasi ni nani. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa Baghdad, zama za Harun Rashid, na mashairi yake mengi ni ya mvinyo. Visa ndivyo vya watoto, mashairi yaache.)

Uliza mapema nyumbani kwao ni nani asiyeweza kula nazi au ngano. Na ukitaka kurudia, ngoja Ramadhani ipite: wapo wa miaka mitano wanaojaribu kufunga hadi adhuhuri, na iliki hiyo itawaonea.