Mpira wa matambara ulidundaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la nne, kaambiwa apeleke shuleni mpira wa kutengeneza kwa mikono. Baba yake kasokota soksi na magazeti, mpira umetoka jiwe tupu. Ukianguka unabaki hapo hapo. Anaapa kwamba wa enzi zao ulikuwa ukidunda, na kwamba kila wakipata kona tatu walipewa penati. Mimi enzi hizo nilikuwa kwenye rede na wenzangu, ya wavulana siyajui. Huyu baba ananidanganya?
Mama Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Hakudanganyi, ila kuna kitu kakiruka, pengine kwa haya. Soksi na magazeti peke yake havidundi hata uvipigie magoti. Mpira uliodunda ulikuwa na hewa katikati. Sisi watoto wa mashamba ya mkonge kule Korogwe, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hewa hiyo tuliitia ndani ya kitu ambacho zahanati iligawa bure kwa watu wazima. Muulize mzee, atacheka kwanza kisha atakwambia. Kwa huyo wa darasa la nne, nunua puto.

Puto lisijazwe likakaza. Lipulize lifikie ukubwa wa chungwa, ukilibonyeza liitike. Juu yake zungushia nailoni laini, tabaka juu ya tabaka, bila kuvuta. Zamani tulitumia mifuko ya Rambo, lakini mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo weka akiba ya nailoni zinazofungia mikate. Hapa ndipo wengi huharibu: wakiona duara limeanza kukaa sawa wanapata pupa, wanakaza, puto linapasukia ndani na hakuna anayejua mpaka jioni. Baada ya nailoni zinafuata fulana kuukuu, zimechanwa upana wa vidole viwili. Hizo sasa unaweza kuzivuta kidogo.

Kamba ndiyo ya mwisho, na kwenye kamba sisi tulipendelewa. Nyuzi za katani zilizodondoka pale korona, kwenye mashine ya kuchakata mkonge, zilikuwa bure kwa mwenye mbio, maana mlinzi naye alikuwa na mbio. Tulizisokotea pajani. Unapitisha kamba kutoka juu kwenda chini, unapitisha nyingine kwa ubavu, na kila zinapokutana unatia fundo, mpaka mpira mzima uvae wavu. Tundu lisizidi kidole gumba. Likizidi, matambara yanachungulia, na kesho yake yako nje. Ukimaliza, uangushe kwenye saruji kutoka kiunoni. Ukirudi kufika magotini, mwanao anapata alama zake.

Utaniuliza kama shule yetu haikuwa na mpira wa dukani. Ulikuwepo, wa ngozi, namba tano, ukikaa kabatini kwa mwalimu mkuu. Tatizo lilikuwa uwanja. Pande tatu ulizungukwa na mkonge, na jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha. Shuti moja likipaa, unasikia "psss", basi, mpira unakwenda kwa fundi baiskeli na mwalimu mkuu hatoi mwingine mpaka mwaka wa pili. Cha matambara kikichomwa puto linakufa, lakini mechi haisimami. Kinakuwa kizito tu, na mabeki wanafurahi.

Mimi nilikuwa beki tatu (vijana, acheni kucheka, ni namba ya jezi) na naweza kukwambia kwamba mpira ule ndio uliotufundisha kucheza chini. Hauruki sana, kwa hiyo hakuna kutuliza kwa kifua wala kupiga vichwa. Ni pasi fupi, chenga na tobo. Winga yeyote mwenye kasi alikuwa Lunyamila, yule winga wa Yanga, hata kama kwao wote walikuwa Simba. Sasa, siku tuliyokwenda kwenye mashindano ya shule za msingi, haya yanayoitwa UMITASHUMTA siku hizi, tukawekewa mpira wa ngozi uliojazwa upepo sawasawa. Dakika za mwanzo ulitupita vichwani wote. Sentahafu wetu, jitu la darasa la saba lenye sauti ya baba wa watu, aliinua mguu kuuzuia, ukadunda ukampita juu ya bega. Aligeuka akauuliza kwa hasira: "We, unakwenda wapi?"

Kona tatu penati ni kweli kabisa, na nadhani akili yake ilikuwa hii: mpira usiopaa huwezi kuuinulia krosi, kwa hiyo kona moja haikuwa na faida yoyote. Tulizikusanya tatu tukapata kitu kimoja cha maana. Kuotea hakukuwepo. Aliyevizia golini alitukanwa, lakini bao lake lilihesabiwa.

Sheria za kweli zilitukuta kwenye mashindano hayo hayo. Beki wa wapinzani alimrudishia kipa wake kwa mguu, kipa akaudaka kama tulivyozoea wote. Refa akapuliza. Kumbe tangu 1992 ilikuwa marufuku kipa kudaka mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, ila kwetu habari hiyo haikuwa imefika. Refa akautenga ndani ya boksi, mkono juu. Namba tisa wetu akaona goli liko puani, akaupiga moja kwa moja, ukapita katikati ya milingoti. Tulikimbia uwanja mzima tukishangilia, hata mwalimu wetu alivua kofia. Kurudi, refa kaonyesha golikiki! Faulo ya aina ile haihesabiwi bao mpaka mchezaji wa pili auguse mpira. Ndani ya dakika moja walilalamika wao, tukalalamika sisi, na ubishi ulipanda nasi kwenye lori la mkonge hadi nyumbani.

Turudi kwa mwanao. Mpira ukilowa usiuweke karibu na jiko, nailoni itayeyuka, uning'inize kivulini. Na baba akifika kwenye kamba amwachie mtoto afunge mwenyewe. Mafundo ya mtu mzima walimu tunayajua tukiyaona.