Niliiona ukumbini ile filamu ya Vita Kuu ya Kwanza iliyotiwa rangi: jibu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza kama kuna faida yoyote ya kwenda sinema kutazama picha za vita za miaka mia iliyopita zilizosafishwa na kutiwa rangi, au ni kuichezea historia ili watu wauze tiketi. Wengi waliokujibu wametazama vipande kwenye simu. Mimi niliiona ukumbini, kwa hiyo naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Ninayoizungumzia ni They Shall Not Grow Old, kazi ya mwongozaji Peter Jackson wa New Zealand. Ilizinduliwa London tarehe 16 Oktoba 2018 na usiku huohuo ikarushwa kwenye kumbi nyingi za sinema Uingereza. Mimi nilikuwa naishi Leicester, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alikuwa na picha ya baba yake akiwa na sare ya jeshi, ameiweka kando ya kitanda. Miguu yake haikumruhusu tena kutoka. Akaniomba niende, halafu nije nimsimulie. Bila yeye nisingekata tiketi.

Filamu inaanza na picha ndogo, nyeusi na nyeupe, katikati ya skrini kubwa. Hakuna msimulizi. Hakuna profesa aliyekaa mbele ya kabati la vitabu. Sauti zote ni za wazee waliopigana wenyewe, zilizorekodiwa miongo kadhaa baada ya vita na BBC na makumbusho ya Imperial War Museums. Jackson na wenzake walipitia takriban saa 100 za picha na saa 600 za sauti, wakatoa filamu ya dakika 99. Wazee wanasimulia walivyojiandikisha: sheria ilitaka uwe na miaka 19 ndipo upelekwe nje kupigana, na vijana wa miaka 16 na 17 wakadanganya umri mbele ya maofisa waliojua fika kwamba wanadanganywa.

Kisha wanafika kwenye mahandaki Ufaransa, na ile picha ndogo inaanza kutanuka hadi inajaza skrini. Rangi inaingia. Mama aliyekaa kiti cha mbele yangu alikuwa anatafuna bisi. Akaacha mkono ndani ya pakiti.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo ninapotofautiana na wengi kwenye uzi huu. Mnabishana kuhusu rangi. Kilichonishika mimi hakikuwa rangi, kilikuwa mwendo. Mpiga picha wa enzi hizo alizungusha kamera kwa mkono, kama fundi wa cherehani ya mkono, na mkono ukichoka kasi inashuka. Mikanda mingi ilipigwa fremu, yaani picha mojamoja, 10 hadi 18 kwa sekunde, halafu mashine za baadaye zikawa zinaionyesha kwa fremu 24. Ndiyo maana tangu utotoni tumewaona askari wa vita ile wakikimbiakimbia na kurusharusha mikono kama vikaragosi. Ukitaka mkanda wa fremu 13 uende mwendo wa binadamu, kila sekunde moja kompyuta inapaswa kutengeneza fremu 11 ambazo hazikuwahi kupigwa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kupaka rangi, na ndiyo iliyowarudishia watu wale utu wao.

Kuna kijana anapita kwenye handaki. Anageuka taratibu, anaiona kamera, anasita, hajui aweke wapi macho, halafu anacheka na meno yake mabovu yote yanaonekana. Kule kusita ndiko kulikonimaliza. Kwenye mkanda wa zamani hukuoni, kunapita kama kupepesa jicho. Nina mdogo wangu anayesita hivyohivyo akipigwa picha.

Kesho yake asubuhi nilipompelekea mzee chai, swali lake la kwanza lilikuwa: "Walikuwa wanatembea kama watu?" Nikamwambia ndiyo, walikuwa wanatembea kama watu. Akaitazama ile picha kando ya kitanda, hakuniuliza kingine mpaka mchana.

Sauti nayo ina kazi yake. Kamera zile hazikunasa neno lolote, kwa hiyo waliajiriwa wataalamu wa kusoma midomo, watambue askari walikuwa wanasema nini. Maneno yakapewa waigizaji wanaotoka maeneo kilikotoka kikosi husika, ili mtu wa Lancashire asisemewe na mtu wa London. Sisi tunaojua Kiswahili cha Unguja na cha Kigoma havifanani tunaelewa kwa nini hilo ni jambo la heshima. Ile mizinga unayoisikia ni mizinga ya kweli ya jeshi la New Zealand, ilirekodiwa kwa ajili ya filamu.

Na mambo yanayosimuliwa ni ya maisha, siyo ya majenerali. Wanachoma chawa kwenye mishono ya nguo kwa mshumaa. Wanafyatua rashasha, zile ambazo wazee wetu waliziita bombomu, hadi maji ya kupozea mtutu yanachemka, wanayapikia chai. Wanakaa msururu juu ya gogo la choo bila hata pazia, na wengine wanacheka. Mateka wa Kijerumani wanasaidia kubeba machela za Waingereza, na mzee mmoja anasimulia walivyokuwa watu wa kawaida tu.

Sehemu moja lazima niitaje. Ni njia iliyozama kati ya kingo mbili, karibu na kijiji cha Beaumont-Hamel, Ufaransa, asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme. Askari wa Lancashire Fusiliers wamekaa chini wanasubiri amri. Macho yao yanatazama kamera, na hayana ujasiri wa kuigiza. Jackson alikwenda mwenyewe mahali pale kupiga picha nyasi na udongo ili rangi iwe ya pale. Siku hiyo moja jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470, yaani waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea au kutekwa, na kati yao waliokufa ni 19,240. Ukiwa umekaa gizani na zile nyuso ni kubwa kuliko mlango wa nyumba yako, hesabu hiyo haikai kichwani kama hesabu. Kwenye simu sidhani ungepata hilo.

Hoja yako ya kuchezea historia ina ukweli ndani yake, wala sitaipuuza. Sare zilitiwa rangi kwa kulinganisha na sare halisi zilizohifadhiwa, lakini rangi ya macho ya mtu asiyejulikana jina ni makadirio. Picha za zamani zilikuwa karibu na mraba, zikakatwa juu na chini ili zijae skrini pana, kwa hiyo kuna vitu alivyoviona mpiga picha wewe huvioni. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba uso wa mtu huyu unaunganishwa na sauti ya mtu mwingine, wa kikosi kingine na mwaka mwingine, na majina ya wazee wanaozungumza unayakuta mwishoni tu, yanapita kwa kasi. Ningependa kujua anayeniambia habari ya rafiki yake kuzama kwenye tope ni nani. Ila nawapongeza kwa jambo moja: mapigano yenyewe hayakuwa na picha, na hawakuyabuni. Walitumia michoro ya gazeti la wakati ule, The War Illustrated, pamoja na zile nyuso. Na mikanda asilia ipo palepale makumbusho, haijaguswa na mtu.

Mdau mmoja hapo juu kauliza mbona Waafrika hawamo. Filamu imejifunga kwa askari wa miguu wa Uingereza kwenye uwanja wa vita wa Magharibi, yaani Ufaransa na Ubelgiji. Hata wanamaji na marubani wao hawamo. Hilo ni chaguo la mtengenezaji na silipingi. Lakini swali la mdau liliniuma, kwa sababu nilitoka ukumbini na swali hilohilo.

Mimi ni Mgogo. Kwetu vita ile inaitwa vita vya Mjerumani, na haisimuliwi peke yake, inasimuliwa pamoja na Mtunya, ile njaa iliyofuata majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Babu yake bibi yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi. Hakuna picha yake hata moja, wala kaburi. Wapagazi wa aina yake ndio walioacha jina la Kariakoo pale Dar es Salaam, kutokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, Carrier Corps, na kule Nairobi wakaacha Kariokor. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Kompyuta inaweza kutengeneza fremu 11 kati ya fremu zilizopo. Pasipokuwa na hata moja haina pa kuanzia.

Kwa hiyo, mkuu, ikirudi kwenye ukumbi ulio karibu nawe, nenda. Kaa safu za katikati na usiondoke kabla ya mzee mmoja kusimulia alivyorudi kazini kwake baada ya vita, mwenzake akamuuliza alikuwa wapi, kana kwamba alikuwa zamu ya usiku.

Desemba ile nilipata likizo nikaenda Dodoma. Nikaweka simu juu ya kigoda, nikamwomba bibi anisimulie habari ya babu yake tangu mwanzo, kama alivyosimuliwa na baba yake aliyekuwa mtoto mdogo siku ile. Imetoka dakika 41, Kigogo na Kiswahili vimechanganyika. Anasema alitoka nyumbani asubuhi na kibuyu cha maji, akamwambia mtoto asimfuate, mtoto akamfuata hadi kwenye mbuyu. Hapo jogoo anawika, na bibi ananyamaza, anasubiri jogoo amalize, halafu anaendelea.