Muulize Fundi: Kamshafti ya wastani, springi za nini?

*Shikamoo fundi. Nina Hilux ya injini ya 22R, ya kabureta. Msimu wa korosho nabeba magunia kutoka mashambani hadi ghala la chama cha msingi. Nikitoka Masasi kupanda Newala na mzigo, gari inachoka, gia namba mbili mlima mzima. Nimechongesha kamshafti, ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, huko Dar, wakaniambia ni ya wastani, si ya mashindano. Sasa muuzaji wa spea ananiambia ninunue springi ngumu za gari za mbio, retena nyepesi (vile vikofia vinavyoshikilia springi kwenye valvu) na valvu kubwa zaidi. Kuhusu roka, ile mikono inayosukuma valvu, anasema za zamani zinatosha. Pesa anayotaka inazidi ya kamshafti yenyewe. Nifuate lipi?*
*Msomaji, Newala*

Marahaba mwanangu. Huyo muuzaji amekupangia mambo kinyume. Anavyotaka ununue huvihitaji, na anachosema uache ndicho cha kununua kwanza.

Nianze na springi, maana hapo ndipo watu wengi wanapoharibu injini nzima. Springi ina kazi moja: kuhakikisha valvu inaifuata nundu ya kamshafti wakati wa kufunga, isibaki inaelea. Kuelea huko huja raundi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, zikiwa juu sana. Wewe na magunia yako mlimani uko kwenye raundi elfu tatu hivi, na injini hiyo kiwandani ilipangwa ivute vizuri zaidi karibu na 2,800. Hufiki huko ambako springi za mbio zinahitajika. Ukizifunga, kila nundu itasuguana na roka kwa nguvu isiyo na sababu, asubuhi hadi jioni. Nunua springi mpya za kawaida za 22R, seti kamili, basi.

Lakini mpya lazima, usirudishe za zamani. Springi iliyokaa miaka kwenye joto hulegea hata kama kwa macho ni nzima. Huna mashine ya kupimia? Chukua vaisi. Panga springi ya zamani na mpya, kichwa kwa kichwa, weka kipande cha bati katikati, kisha kaza taratibu. Ile inayobonyea zaidi ndiyo imechoka. Halafu simamisha kila springi mpya juu ya kioo, iegemeze na skwea. Iliyopinda irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Pima na nafasi. Kamshafti yako inanyanyua valvu juu zaidi ya ile ya kiwanda, kwa hiyo valvu ikiwa imefunguka mwisho, springi isiwe imejibana mzunguko kwa mzunguko. Bakiza kama milimita 1.5. Nafasi ya namna hiyo hiyo iwepo kati ya retena na sili iliyo juu ya bushi ya valvu. Watu husahau hii ya pili, halafu wanashangaa sili zimepondeka na gari inatoa moshi wa bluu. Na kama viti vya valvu vimesagwa mara nyingi, valvu imezama na springi imepata nafasi ya kutanuka. Weka washa nyembamba (ringi bapa ya chuma) chini ya springi urudishe urefu ule wa kiwanda.

Sasa roka. Kwenye 22R hakuna pushirodi, vile vijiti virefu vya kusukuma roka; roka inakaa moja kwa moja juu ya kamshafti na kusuguana nayo. Itoe, ipeleke kwenye mwanga wa mlangoni, uangalie ule uso unaogusa nundu, kisha pitisha ukucha wa kidole gumba kutoka pembeni kuelekea katikati. Ukucha ukikwama kwenye ngazi, hata ndogo kama unene wa karatasi, roka hiyo imeshajichonga kwa umbo la kamshafti ya zamani. Ukiikutanisha na nundu iliyotoka kuchongwa, itaitafuna. Nililetewa hapa Mtwara Hilux kutoka Tandahimba iliyofungwa hivyo, roka kuukuu na springi ngumu. Nilipomwaga oili na kupitisha sumaku, ilitoka na ndevu za chuma. Nundu mbili zilikuwa zimelika hadi valvu hazifunguki vizuri. Inauma, kwa sababu mwenyewe alikuwa amelipia kila kitu kwa pesa ya mavuno.

Kwa hiyo nunua roka mpya, au zisagishwe na fundi mashine anayejua kurudisha ule mviringo wake, siyo kuzinyoosha tu kwa jiwe. Jambo jingine: kamshafti ya kuchongesha hupunguzwa upande wa mgongo, ule usio na nundu, hivyo skrubu ya tapeti (ile ya kwenye roka inayorekebisha nafasi ya valvu) itashuka chini zaidi kuliko zamani. Paka wino kwenye uso wa roka, zungusha injini kwa mkono, uangalie alama. Ikikaa katikati, safi. Ikikimbilia ukingoni, usiwashe. Rudi kwa aliyechonga.

Retena nyepesi achana nazo. Valvu kubwa pia: zinataka hedi, yaani kichwa cha injini, ichongwe upya, na faida yake iko kwenye raundi usizozitumia.

Kama hedi yako imewahi kupigwa fesi, yaani kusawazishwa uso kwa mashine, pima nafasi ya valvu na pistoni. Bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi kwa gaskiti ya zamani, seti tapeti, zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili. Fungua, kata udongo kwa wembe, pima palipo pembamba. Mimi sikubali chini ya milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa.

Cheni ya taimingi badilisha pamoja na miongozo yake. Miongozo ya plastiki ikivunjika, cheni hukata kava hadi maji yanaingia kwenye oili. Tafuta miongozo yenye mgongo wa chuma.

Siku ya kuwasha, nundu na roka zipakwe grisi maalumu ya kufungia kamshafti. Kabureta iwe na petroli, rejeta imejaa, taimingi ya plagi imeshasetiwa, ili iwake mara moja. Ikiwaka tu, ishike raundi 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20, ukipandisha na kushusha kidogo. Usiiache ikiunguruma chini. Kisha mwaga oili. Oili nyingi mpya za petroli zimepunguzwa zinki na fosforasi, na injini hii inazihitaji. Mimi natumia 15W-40 ya dizeli, daraja la CI-4. Tapeti zipime injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 ya kuingiza, 0.30 ya kutoa, isipokuwa aliyekuchongea amekupa vipimo vyake, hapo fuata vyake.

*Fundi, Lite Ace yangu ina injini ya 5K. Nimepata kamshafti mpya. Tapeti zile za chini zinang'aa bado, nizirudishe?*
*Msomaji, Lindi mjini*

Hapana, ndugu yangu. Kwenye 5K tapeti ni vile vikombe vinavyokaa kati ya kamshafti na pushirodi. Chini ya tapeti mpya kuna kitumbo kidogo sana kinachoifanya izunguke ikisukumwa na nundu. Ya zamani imeshakuwa bapa au imebonyea, haizunguki, inakwangua. Kamshafti mpya, tapeti mpya, zote nane. Pushirodi unaweza kuzitumia kama zimenyooka: zibingirishe juu ya kioo, inayorukaruka itupe. Zilizobaki zirudi kila moja kwenye tundu lake.