Re: Kichwa cha treni hakirudi nyuma

Mkuu salama? Umesema kichwa chako cha HO (treni ndogo ya modeli, ya umeme) kinakwenda mbele vizuri, ila ukigeuza swichi ya kidhibiti (kile kiboksi kinachopeleka umeme relini) ili kirudi nyuma kinasimama kimya, hata mlio hakuna.

Usifungue skrubu yoyote bado. Kitoe relini, kilaze chali, chukua betri ya volti 9 na vipande viwili vya waya, gusa magurudumu ya kulia na ya kushoto, kisha badilisha waya. Mota ikizunguka pande zote mbili, kichwa ni kizima. Mgonjwa ni kidhibiti.

Mimi niling'oa mota nzima bure, na springi ya brashi (kipande cha kaboni kinachopeleka umeme ndani ya mota) ikapotelea chini ya kochi mpaka leo. Kumbe swichi ya kugeuzia ndani ya kidhibiti ilishaota kutu ya kijani. Nakaa Kigamboni, chumvi ya bahari haina huruma. Swichi hiyo ndiyo inayobadilisha chanya na hasi relini. Pima reli kwa multimita (kipima umeme): ukigeuza swichi, volti zibaki zilezile ila itokee alama ya hasi. Ukiona sifuri, swichi haishiki. Chomoa umeme kwanza, ndipo usafishe kwa spiriti. Mimi niliweka mpya ya miguu 6 (pini za kuunganishia waya) kutoka Kariakoo, imeisha hiyo.

Kwa betri ikizunguka upande mmoja tu, angalia brashi za kaboni kama zimekwama. Ikinguruma bila magurudumu kwenda, ni gia.

Kama kichwa ni cha dijitali (kinachopokea amri kupitia reli), betri huenda isikuambie kitu, na hivyo sijawahi kuvifungua.

Jaribu betri kwanza, utupe jibu.