Re: Tumbo la kaka limeachwa wazi baada ya upasuaji, ni uzembe?

Habari ndugu, na pole sana. Unauliza kwa nini baada ya ajali ya boda boda barabara ya Tororo kaka yako amefanyiwa upasuaji, kisha tumbo likafunikwa kwa mfuko wa plastiki bila kushonwa.

Nauguza wodi ya upasuaji, na wagonjwa wa hivi nawapokea. Mara nyingi huo ni uamuzi wa makusudi. Utumbo ulioumia huvimba; ukilazimisha kushona, presha ya ndani hupanda, figo zinakosa damu na mapafu hayatanuki. Tena daktari hutaka kurudi ndani baada ya saa 24 hadi 48 kuangalia kama damu imekoma na utumbo uko hai. Mfuko wenyewe huwa ni wa dripu, umekatwa na kushonewa pembeni. Unaona utumbo kwa ndani, unang'aa: ndivyo tunavyotaka.

Kwanza angalia mkojo kwenye mfuko wa mkojo, si ule wa tumboni. Ukipungua sana, mwite nesi hapo hapo. Halafu maji yanayotoka tumboni: yakiwa ya kijani au yakinuka kinyesi, huenda utumbo umetoboka. Usiguse wala kubandika bandeji kavu, inanata na kuchana utumbo.

Muulize daktari lini wanarudi theatre, na lini ataanza kulishwa. Tunapigania kulifunga tumbo ndani ya wiki moja hivi. Ikishindikana, hupandikizwa ngozi, na misuli hurekebishwa miezi mingi baadaye. Kwake ni lini, anayeona kidonda ndiye atakayekujibu.